Mwaliko wa Mjomba Norris

Hollin House,
Kettlebeck, Yorkshire
9 Januari 1974

Mpwa wangu Thelma,

Pokea salamu nyingi kuliko kondoo wa bonde hili, na uzigawe: nusu zako, nusu za mama yako, na zikibaki umpe yule paka wenu mwenye dharau. Mimi ni mzima kupita kiasi. Daktari wa hapa akiniona barabarani anavuka upande wa pili, maana nikiendelea hivi atakosa kazi.

Asanteni kwa kadi na soksi. Soksi ya kushoto imenikaa vizuri, ya kulia bado tunazoeana.

Krismasi yetu ilikuwa ya upepo. Nakuapia, mvua ilinyesha kwa ubavu kutwa nzima: upande mmoja wa kijiji watu walitembea maji yakiwafika magotini, upande wa pili walikuwa kanisani wanaomba mvua. Hollin House haikutikisika. Kuta zake zilijengwa na watu wasiokuwa na haraka. Nilikaa mbele ya moto, miguu juu ya kiti, nikitazama mali yangu inavyolowa. Yule kondoo dume wangu siku hizi anafungua lango mwenyewe na kulifunga nyuma yake, jambo ambalo watembezi wanaotoka Leeds limewashinda hadi leo.

Nisikuchoshe. Lazima mje mkae kwangu, wewe na mama yako. Vyumba vipo tele, vinalia kwa kukosa watu.

Mjomba wako,
Norris Pickersgill,
mwenye Hollin House


Leicester
2 Februari 1974

Mjomba Norris,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Goti la mama linatabiri mvua kuliko redio, paka amepokea salamu zako akageuza uso, na mimi watoto wa darasa langu wamenimaliza sauti, ndiyo maana naandika badala ya kupiga kelele.

Sasa jambo lenyewe. Kaka Selwyn ametaka mama akaishi kwao huko New Zealand, na mama amekubali. Nyumba hii imeshapata mnunuzi. Meli inaondoka katikati ya Juni. Kwa umri wake, Mjomba, hiyo ni safari ya kwenda tu.

Kabla hajaondoka ana ombi moja. Anataka siku tatu za mashambani, apumue hewa isiyo na moshi wa viwanda, na anataka kuzipumua akiwa nawe. Tangu mazishi ya babu hamjaketi meza moja. Alikuambia mbele ya kasisi na mbele ya sahani ya sandwichi kwamba utazeeka bila mlango wako wa kufunga. Wewe ukachukua kofia ukaondoka. Mwaka uliofuata barua zikaanza kuja kutoka Hollin House.

Kila Krismasi unatuambia lazima tuje. Basi tunakuja. Ile sikukuu ya mwisho wa Mei, Jumamosi mpaka Jumanne asubuhi.

Mama kasema, "Mwandikie, lakini Norris atakimbia." Nikamwambia hakimbii. Usiniumbue.

Mpwa wako,
Thelma


Hollin House
10 Machi 1974

Mpwa wangu Thelma,

Salamu kwako na kwa goti la mama yako. Hapa wote wazima isipokuwa bata mmoja aliyejitakia.

Barua yako imenikuta katikati ya kuzalisha kondoo, ndiyo sababu ya kuchelewa. Usiku na mchana, kondoo wanazaa, mimi napokea, wengine mapacha, wengine siwezi kukutajia hutaniamini.

Kwanza nikufundishe jambo, maana shule nyingi zimekuharibu. Mimi shule niliikimbia mapema, kabla haijanipunguzia akili. Mwingereza akikuambia "lazima uje ukae kwetu", jibu lake ni "itakuwa raha kweli", halafu kila mtu anaendelea na maisha yake mpaka kaburini, wote wameridhika. Ndivyo tulivyoishi kwa amani. Kasisi wetu nimemwalika kula samaki tangu alipohamia hapa na hajawahi kunivunjia heshima kwa kuja. Wewe nakuambia njoo, unatoa kalenda! Umelelewa na nani?

Itakuwa raha kweli. Isipokuwa paa linaezuliwa mwezi huohuo wa Mei. Tena kuna fahali mpya uani, hapendi wanawake wa mjini, hasa wenye kofia, na mama yako namjua kwa kofia. Tena Askofu ameomba kulala kwangu sikukuu hiyohiyo, na ni mtu mnene, anataka vyumba viwili.

Kwa nini msiende Bridlington? Bahari ile haina fahali.

Mjomba wako mwenye huzuni,
Norris


Leicester
16 Machi 1974

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya wanakondoo. Mama anakusalimu. Majibu yake nakuandikia kama alivyoyatoa, akiwa anapiga pasi.

Paa: "Tutavaa makoti ya mvua. Tumezoea, ndiyo mapumziko ya nchi hii."

Fahali: "Niliishi na mama mkwe wangu miaka mingi nyumba moja."

Askofu: "Atapata keki, na nitampa chumba kimoja, ajibanebane."

Mimi nina jambo langu dogo, na sijamwonyesha mama. Nilikwenda kuchukua kijitabu cha wasafiri, kile chenye nyumba za wageni za Yorkshire, ili nijue basi la kufika kwenu. Kettlebeck imo. Nyumba ya wageni ni moja tu. Inaitwa Hollin House. Maji ya moto, kitanda na kifungua kinywa, mbwa wanakaribishwa wakiwa na adabu. Mwenyewe ni Bibi Garth, mjane.

Bila shaka mpiga chapa amekosea. Watu wa namna hiyo hawawi makini. Nimeona tu nikujulishe kwamba kuna mwanamke anakaa ndani ya nyumba yako na kukodisha vitanda.

Thelma


Hollin House
7 Aprili 1974

Mpwa wangu,

Salamu za Pasaka mapema. Afya yangu njema, hamu ya kula ni ileile ya zamani.

Umenichekesha, nimecheka mpaka nikaegemea farasi. Bibi Garth! Huyo ni mtunza nyumba wangu. Mwanamke mwema, mumewe alikufa akamwacha hana la kufanya, nikasema, "Mama, hutakaa bure, chukua vyumba hivi vya juu, cheza uwenye nyumba, ujiliwaze." Ndipo akaingia katika kijitabu. Mimi mali si kitu kwangu. Wageni wakija wananikuta, wananiona mtu wa kawaida, hawajui wanaongea na nani. Napenda hivyo.

Sasa unaona mwenyewe ugumu ulipo. Mama yako akija, yule mjane atachanganyikiwa, ataona aibu. Mimi siwezi kumwaibisha mjane. Nina moyo.

Bridlington wana bendi ya tarumbeta, nasikia.

Norris


Leicester
13 Aprili 1974

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepata masanduku mawili makubwa na ameanza kupakia vitu, anavitoa, anapakia tena. Paka amepata mlezi hapo jirani.

Usimwonee wasiwasi Bibi Garth. Nilimwandikia wiki nyingi zilizopita kuomba chumba chenye vitanda viwili, na amejibu kwa mwandiko wa kupendeza. Nakunakilia sehemu ya chini:

"Kifungua kinywa ni saa mbili na nusu. Kinapikwa na mtu wangu Norris, ambaye kwa mayai hana mpinzani bonde zima. Wageni wenye basi la kuwahi wanaombwa wasimuulize swali lolote."

Nadhani ni Norris mwingine. Jina hilo lipo lipo.

Barua ya Bibi Garth iko ndani ya mkoba wangu, na mkoba wangu mama hafungui.

Thelma


Leicester
8 Mei 1974

Mjomba Norris,

Shikamoo. Kimya chako nimekisoma mara nyingi, na bado sikielewi.

Sitaki utani leo. Mama haulizi habari za nyumba. Hajauliza ina vyumba vingapi, hajauliza paa. Jana alinunua mabuti ya mpira, yeye ambaye hajakanyaga tope tangu vita viishe. Akayajaribu jikoni. Akaniuliza, "Norris bado anapenda keki ya tangawizi, au meno yamekwisha?" Nikasema sijui. Akasema, "Ndiyo hayo, hatujui."

Tuliumbwa hivi sisi, neno "hapana" halitutoki mdomoni. Tunatafuta fahali, tunatafuta Askofu. Lakini safari hii nakuomba neno hilo moja. Kama hutaki aje, andika HAPANA, nami nitampeleka hiyo Bridlington yako. Atakaa kwenye kiti cha turubai kuitazama bahari, ambayo mwezi ujao itamchukua bila kuuliza mtu.

Na kama unataka aje, andika hilo pia. Hakuna wikendi nyingine.

Thelma


Hollin House
16 Mei 1974

Mpwa wangu Thelma,

Meno yapo. Alete keki.

Sasa sikiliza mpango, maana mimi mtu wa mipango, ningekuwa jeshini hadi leo kama wangenisikiliza. Nimezungumza na Bibi Garth. Alicheka, akakaa chini, akacheka tena, akakubali. Siku hizo tatu yeye atakuwa mtunza nyumba na ataniita bwana. Amesema ataniita bwana wa mashariki ya bonde au wa magharibi yake, nichague. Ulimi wake huo usikutishe.

Kazi yako ni moja: mama yako asiingie jikoni asubuhi. Mzuie kwa lolote. Mwonyeshe maua. Mimi nitapika, nitatokea mlango wa nyuma, nitazunguka nyumba, nitaingia mlango wa mbele nimevaa tai, gazeti kwapani, kama mtu aliyetoka kukagua shamba.

Ukinicheka nitajua.

Norris


Leicester
23 Mei 1974

Mjomba,

Shikamoo kwa haraka, niwahi posta. Nimepata matubwitubwi kwa watoto wa shule. Mashavu yamekuwa kama ya yule Askofu. Siwezi kusafiri. Mama anakuja peke yake, basi la Jumamosi la saa kumi.

Kumzuia jikoni itabidi umzuie mwenyewe.

Thelma


Hollin House
2 Juni 1974

Mpwa wangu Thelma,

Pole kwa matubwitubwi, ugonjwa wenye adabu uliokushika Alhamisi ukakuachia Jumanne, mashavu yakarudi mahali pake bila daktari. Ukoo wetu una vipaji. Hapa sote wazima, Bibi Garth anakusalimu, na yule bata amepona.

Najua mama yako ameshakusimulia yake. Yake si kamili, alikuwa anatazama upande mmoja tu. Pokea ya kwangu.

Alishuka kwenye basi na kofia mbili, moja kichwani, moja mkononi. Tukatazamana. Akasema, "Umenenepa." Nikasema, "Wewe umefupika." Basi, salamu zikawa zimekwisha, tukaingia ndani. Bibi Garth akapiga goti, Thelma! Goti kabisa, hata malkia hapigiwi hivyo. "Bwana, chai niilete ukumbi gani?" Ukumbi ni mmoja. Nikasema huohuo wa kawaida.

Jumapili nilipika, nikavua aproni, nikatoka nyuma. Mvua ilikuwa inashuka kama imetumwa. Nikazunguka nyumba mbio, nikateleza kwenye kabichi, nikainuka, nikaingia mlango wa mbele na gazeti limekuwa uji. Mama yako yupo mezani na yai lake.

"Umelowa," akasema.

"Nilikuwa nakagua mashamba."

"Mashamba yako yananukia bekoni."

Nikamweleza kwamba bonde hili upepo unapita kwa majirani wenye nguruwe. Akaendelea kula. Nilishinda hapo, asikudanganye.

Jumatatu ndiyo iliyoharibika, na si kwa kosa langu. Kulikuwa na mtembezi mmoja kutoka Bradford, magoti mekundu, ramani inaning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Amekuwa mgeni wetu kila mwaka. Bibi Garth alimwambia mpango wote, naye akaitikia kwa kichwa, kumbe alikuwa anatazama ramani. Mimi nimeingia, nimekaa mkuu wa meza, nimekunja mguu, namsimulia mama yako jinsi nilivyomkatalia Askofu. Bradford akapaza sauti:

"We Norris! Soseji zangu zimefia wapi leo?"

Unawajua watu wetu. Chumba kizima kikatazama sahani. Mama mmoja wa Hull akasema mbona hali ya hewa nzuri, na nje miti inaogelea. Wangekaa hivyo mpaka Krismasi, hakuna aliyesikia, hakuna aliyeona, na mimi nikiwa nimebandikwa kwenye kile kiti kama stempu. Nikaitazama kofia yangu pale kwenye ndoano. Sikufichi, niliupima mlango kwa macho.

Mama yako akaweka kisu chini.

"Norris, mpe bwana soseji zake. Mtu hapandi mlima kwa tosti peke yake."

Nikainuka. Nikaenda jikoni, nikavaa aproni, maana mafuta yanaruka na tai ilikuwa ya marehemu Garth. Niliporudi na soseji nikamkuta dada yangu kasimama na birika kubwa, anazunguka meza anamimina chai, anamwambia yule mama wa Hull atoe kiwiko.

Nikamwambia, "Dada Edna, kaa. Wewe mgeni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya ngapi? Vikombe safi mnaweka wapi?"

Nikamwonyesha. Aliyeosha vyombo ni yeye, mimi nikapangusa. Akaniambia mayai yangu nayakaanga kama mama alivyokuwa anayakaanga, na siagi nyingi na kumwagia juu kwa kijiko. Nikamwambia mama aliniibia mimi. Bibi Garth akachungulia mlangoni akataka kuniita bwana, akaona hali, akaondoka zake.

Mchana tukachukua kigari cha Bibi Garth, tukapanda mpaka juu ya kilima kula sandwichi, kama wafanyavyo wote wenye akili timamu siku ya mvua. Magari yamepangwa pale juu, kila moja na wazee wake wawili, madirisha yamefunga ukungu, kila mtu na chupa yake ya chai, wote tunautazama mwonekano usioonekana. Mbele ya kioo kulikuwa kweupe tu, kama shuka.

Nikakohoa. Nikasema, "Edna, kuhusu ile nyumba..."

Akanikata. "Norris, nitakaa melini wiki nyingi na watu wakweli. Usianze na wewe. Haya, kile pale ni nini?" Akaonyesha ule weupe kwa sandwichi.

Nikatazama. "Ule ni mlima."

"Mrefu?"

"Mrefu! Mawingu yanauzunguka, juu hayafiki."

"Mrefu mno huo, hausimami."

"Basi nitaukata kidogo. Hapo. Chini yake mto, una samaki aina ya trauti anayejua jina langu. Akiniona anazama, lakini kwa heshima."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hawahesabiki."

"Ng'ombe punguza. Wananikera."

Nikawapunguza. Nikampa mashamba mpaka kwenye upeo, nikampa msitu, akaukataa, nikampa bustani ya tufaha akaichukua. Alibisha kila kitu, Thelma, kama mtu anayenunua samaki gulioni. Keki ya tangawizi ikaisha, chai ikaisha, kioo chote kikawa jasho, na watu wa gari la jirani wakawa wanatuangalia, maana dada yangu alikuwa anacheka na kofia yake imeanguka nyuma. Hatukuona hata jani moja. Mapumziko mazuri kuliko hayo sijapata kuyaona, na mimi nimepumzika sana katika maisha yangu.

Jumanne nikambebea sanduku mpaka kituoni. Na hapa nitakuambia jambo ambalo ukimwambia Bradford nitakukana. Njia nzima nilikuwa natafuta kisa cha kumwambia. Mimi! Nilikuwa navyo vya New Zealand vimejaa, kondoo wa huko, nyangumi wa njiani, nahodha niliyemfundisha kusoma nyota. Nafungua mdomo, hamna kitu. Tumesimama chini ya kibanda, maji yanachuruzika mbele yetu.

Akaniuliza, "Una nini leo? Unaumwa?"

Nikasema sijambo.

Basi likaja. Akapanda, akakaa dirishani, akakisukuma kioo kikagoma, akakisukuma kwa ngumi kikashuka. "Haya, Norris, dereva anawasha. Nipe kimoja cha njiani."

Nikasema, "Nitakukumbuka sana, Edna."

Akanitazama mpaka basi likaondoka. Siku zote alizokaa hapa, ndilo neno langu pekee ambalo hakulibishia.

Mjomba wako,
Norris